Tarumbeta la Kaburini

Lupepo, 12 Novemba 1995

Daftari hili lilikuwa la kuorodhesha barua zinazoingia ofisini. Ofisi imefungwa, barua haziingii tena, na mimi nimelichukua kama kiinua mgongo cha pili. Cha kwanza kiliisha Septemba. Miaka sita nimepiga taipu kwenye ofisi ya ushirika Mbeya mjini, leo naandika kwa kalamu juu ya goti, nje mvua, na vidole vya mkono wa kushoto vinacheza vyenyewe kwenye ubao wa kitanda vikitafuta herufi.

Jotham, mume wangu, naye walimpunguza kazini mwezi uleule ofisi yangu ilipofungwa. Amekwenda Tunduma kuuza mitumba mpakani. Mimi amenileta huku kwao, Lupepo, "kwa muda tu, mpaka nipate chumba." Mwanaume akisema kwa muda, tafuta pa kuanika nguo.

Nimepewa nyumba ndogo ya juu. Nyumba kubwa ya chini anakaa baba mkwe peke yake, maana mama mkwe alifariki mwaka juzi. Kati ya nyumba hizo kuna migomba, zizi la ng'ombe mmoja, na kaburi la mama. Kaburi ni tuta la udongo tu, lakini juu yake wamesimamisha fito za mianzi, na kwenye fito limetambaa ua ambalo sijawahi kuliona mjini: rangi ya chungwa, jembamba, refu, limekaa mafungu mafungu. Wenyewe wanaliita tarumbeta, kwa umbo lake. Msimu wake umepita, yamebaki mafungu mawili matatu, na hata hayo yanatosha kumulika boma zima kwenye ukungu huu.

Baba mkwe sijamwona uso. Siruhusiwi. Ndiyo ukutila yetu Wanyakyusa: mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hakutani naye njiani, akimsikia anakohoa anaingia kwenye migomba mpaka apite. Wengi wameshailegeza, hasa wa mjini na walokole. Huyu hajalegeza, na mimi sikuulizwa. Hata jina lake sitaliandika humu. Nitamwita Mzee.

15 Novemba

Mvua.

16 Novemba

Mvua. Dirishani kwangu inaonekana migomba kumi na tisa.

19 Novemba

Jirani yetu Bibi Anyelwisye ndiye mjumbe kati yangu na Mzee. Mimi napika ndizi na maharage, yeye anapeleka chini. Mzee akitaka kitu anamwambia yeye, yeye ananiletea. Leo amekaa sana jikoni kwangu, nikamuuliza habari za lile ua.

"Amelileta mwenyewe," akasema. "Alikuwa anatunsa bustani ya misheni, kijana bado. Mwaka aliooa akaomba tawi moja, akalifunga kwenye jani la mgomba, akatembea nalo siku nsima. Malehemu ndiye aliyelimwagilia. Sisi wote tumechomeka vijiti vyake, halikubali. Liko hapa tu."

Kiswahili cha wazee wa huku kina Kinyakyusa chote ndani yake, r ni l na z ni s. Nimeanza kukizoea. Kuzoea kunanitisha kidogo.

26 Novemba

Wifi yangu Agness amekuja kutoka Mbeya na gari la kukodi lenye mifuko kumi ya simenti na maboksi ya vigae vyeupe. Zamani ungesubiri kibali mwaka mzima, akasema, sasa hivi unaingia dukani unachagua. Alikuwa anatembea uani kwa viatu vya visigino, matope yanamvua kimoja kimoja, yeye hasimami.

Kaburi litajengwa kabla ya Pasaka, ukoo wote uje, mchungaji aombe. Akaliangalia ua. "Hili litang'olewa. Mizizi yake itapasua simenti, fundi amesema."

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa zizi, nimejibana, maana Mzee alikuwepo. Nilimsikia akikohoa mara moja. Kisha akasema, "Ndaga, mwanangu. Asante." Agness akaingia ndani kuagiza chai. Nikachungulia, Mungu anisamehe, nikaona mgongo tu, koti la mvua la zamani, na mkono umeshika tawi moja lililokuwa limeteleza kwenye fito. Alilirudisha mahali pake. Akalifunga kwa ukambaa wa mgomba taratibu, mafundo mawili, kitu ambacho kitang'olewa.

Katika boma hili mimi ndiye nisiyeruhusiwa kumtazama, na mimi ndiye niliyeona. Nimekasirika mpaka chai imenipalia.

27 Novemba

Nitalichipuza. Pasaka ni miezi minne na zaidi. Nimekata vijiti kumi na viwili, vile vya nchani, vya kijani kibichi, vyororo. Nimevichomeka kwenye makopo ya mafuta ya kupikia. Kazi ya nusu saa. Sijui kwa nini watu wanasema haliwezekani.

30 Novemba

Nimechomoa kimoja nione. Hakuna kitu. Nimekirudisha.

1 Desemba

Nimechomoa viwili.

3 Desemba

Nimechomoa vyote. Bibi Anyelwisye amenikuta nimevipanga kwenye ungo kama dagaa. Akasema mvumilivu hula mbivu. Huo msemo naujua tangu darasa la kwanza, sijawahi kuupenda. Aliyeutunga alikuwa na shamba la ndizi zake.

10 Desemba

Vyote vyeusi. Vimeoza kuanzia chini.

16 Desemba

Nimekwenda Tukuyu sokoni. Barua ya Jotham hakuna. Dukani kwa Safina nimenunua chumvi, nikabaki nimesimama tu, nimekosa pa kwenda. Safina mama yake ni wa huku na baba yake alikuja na biashara ya nguo toka pwani, ana ulimi na ana huruma pia.

"Unahangaika nini wewe mwanamke, umepoteza mtoto?"

Nikamweleza habari za ua, na Mzee anayejua namna ya kuchomeka, na mimi nisiyeweza kumuuliza.

Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia. "Sisi wakwe zetu tunawasalimia shikamoo, tunawapikia, na tukikorofishana tunanuna. Nyinyi mnakimbiana kama mwizi na polisi!" Kisha akafungua droo akanipa mifuko ya rambo mitano ya wateja, bure. Mama yake hufunika miche kwa nailoni isinyauke. "Jaribu. Ila usiniletee lawama."

17 Desemba

Vijiti kumi na tano. Nimevifunika kwa rambo. Nimeapa kutochomoa.

25 Desemba

Krismasi. Jotham hakuja. Ametuma salamu kwa dereva: biashara ngumu, chumba bado. Nimekula ndizi na nyama peke yangu na kusikiliza tarumbeta za kwaya zikipanda kutoka kanisani. Mzee alikuwa kaburini tangu asubuhi. Najua kwa kikohozi.

29 Desemba

Nimechomoa kimoja. Kimoja tu.

6 Januari 1996

Mvua siku tano bila kupumzika. Nilikuwa nimeyapanga makopo ukutani, chini ya bati kabisa, nikidhani nayakinga. Maji yote ya bati yakashukia humo. Rambo zimepasuka. Vijiti vinaelea.

Nimelia. Si kwa vijiti peke yake. Kwa Tunduma, kwa ofisi, kwa taipu yangu ya Kijerumani yenye herufi e iliyochakaa, sijui nani anayo. Kisha nikaosha makopo.

14 Januari

Hii lazima niiandike yote.

Asubuhi nilikuwa nafagia nyuma ya nyumba, upande wa zizi. Nikasikia kikohozi, nikarukia nyuma ya mgomba. Mzee alikuja kumlisha ng'ombe. Nikasubiri apite. Hakupita. Akaanza kuongea, sauti kubwa kuliko ya mtu anayeongea na ng'ombe.

"Wewe ng'ombe, sikilisa. Kuna mtu hapa anachomeka vijiti."

Nikakumbatia fagio.

"Anachagua vilaini. Kilaini ni mtoto, maji yanakimalisa. Achague kilichovaa ngosi ya kahawia, unene wa penseli. Akate chini ya kifundo, kisu kikali, mala moja, asitafune kama panya. Majani ayatoe, abakishe mawili ya juu, nayo ayakate nusu."

Ng'ombe akatafuna. Mzee akamsogezea majani.

"Udongo wa hapa unakunywa maji kama mlevi. Achukue mchanga wa mtoni. Asiweke yanapodondoka maji ya bati. Aweke balasani, kivulini. Halafu aache! Kuna watu wanamwamsha mgonjwa kila asubuhi kumuulisa kama amelala."

Nilibana mdomo kwa khanga nisicheke. Ameniona, basi. Mwezi na nusu ananitazama nikichomoa, na hana njia ya kunizuia. Akafika kwenye kona ya zizi, akasimama, kisogo kimenielekea, na safari hii akasema kwa sauti ya chini:

"Na majani yakitoka asifulahi. Majani husema uongo. Kijiti kina maji yake ya samani ndani, kinachipua kwa hayo, siku yakiisha kinakufa. Ukweli uko kwenye misisi."

Akaenda. Nilibaki nyuma ya mgomba muda mrefu, fagio mkononi. Nilikuwa nimemchukulia kama mlango uliofungwa. Kumbe ni mtu mwenye maneno mengi aliyekosa wa kumpa.

15 Januari

Nimeshuka mtoni na ndoo, nimeteleza mara mbili, nimepata mchanga. Vijiti kumi, ngozi ya kahawia, unene wa penseli niliyoipima kabisa. Nimevipanga barazani kwangu, kivulini. Nilipokuwa napanga nilisikia kikohozi mbali kule chini, kimoja, kifupi. Nimekichukua kama sahihi.

16 Januari

Sijagusa.

17 Januari

Sijagusa. Nimefua hata nguo safi.

22 Januari

Sijagusa. Mkono unaniwasha. Nimeanza kupiga taipu mezani, barua nzima, "Ndugu Mkurugenzi, Yah: Mizizi."

2 Februari

Vijiti vitatu vimekauka. Saba vina vichipukizi vidogo, vyekundu kidogo. Sijafurahi. Nimefurahi kidogo.

11 Februari

Barua ya Jotham! Amepata chumba, atakuja kunichukua Pasaka. Nimeisoma mara nne. Miezi mitatu iliyopita ningefunga mizigo usiku huohuo. Leo nimeikunja nikaenda kuangalia makopo.

24 Februari, Jumamosi

Tangu asubuhi nilikuwa Tukuyu. Narudi saa tisa, kwenye kona ya barabara nasikia shoka. Nikakimbia, kikapu kichwani, viazi vikidondoka.

Fundi Erasto alikuwa kaburini na vijana wawili. Fito zimelala chini. Ua lote limekatwa, limeburutwa chini ya migomba, majani bado mabichi, na Erasto mwenyewe alikuwa anachimba shina kwa sululu. Pasaka bado wiki sita!

"Fundi, nani amekwambia leo?"

"Dada Agness, mama. Amepiga simu dukani kwa Abdulkarimu wakanipa ujumbe. Simenti inaganda kule stoo, huu unyevunyevu. Mifuko miwili imeshakuwa mawe. Nisipojenga wiki hii hakuna kaburi." Akafuta jasho. Ni mtu mzuri, hana kosa. "Na shina nimeambiwa lisibaki hata kipande."

Nikauliza Mzee yuko wapi. Erasto akanyoosha kidole nyumba kubwa. Mlango umefungwa. "Alikuja akasimama. Nikamwomba ruhusa, akasema endelea. Halafu akaingia."

Nilienda kwenye lile rundo nikatafuta vijiti vingine vya penseli, nikakata kumi, nikavichomeka palepale. Sidhani vitashika, vilikuwa vimeshalala juani. Basi saba vilivyopo barazani kwangu ndivyo pekee duniani, kwa ninavyojua. Naandika hili kama mtu aliyeiba.

Agness nikimwona nitamwambia. Sijui nitamwambia nini, ila nitamwambia.

28 Februari

Vile kumi vya rundoni vimekufa. Kati ya saba, vitatu vimenyauka ghafla na majani yao mazuri. Mzee alisema kweli. Vimebaki vinne.

4 Machi

Vimebaki viwili. Bibi Anyelwisye anasema Mzee harudishi sahani tupu tena. Anakula vijiko viwili anaacha. Nikamwambia ampelekee habari kwamba miche miwili ina majani mazuri. Akarudi na jibu: "Amesema majani husema uongo."

9 Machi

Jana mtu mkubwa amefariki Matwebe. Kijiji kizima kimehamia msibani, na misiba yetu si ya siku moja. Bibi Anyelwisye amekwenda, ni ndugu yake. Aliniambia Mzee amebaki, ana homa, hawezi kutembea. "Nitaludi jioni," akasema. Jioni ikanyesha mvua ya kukata madaraja. Hakurudi.

Leo asubuhi ng'ombe alilia. Saa mbili, saa tatu, saa nne, analia tu, matiti yamejaa. Mzee hajawahi kuchelewa kumkamua. Nikamkamua mwenyewe, nikachemsha maziwa, nikapika uji, nikasimama mlangoni kwangu na kikombe. Nyumba za jirani zote kimya. Nikaita, "Hodi, kuna mtu?" mpaka koo likaniuma. Migomba tu.

Nikiingia, nimevunja mila mbele ya ukoo mzima. Nisipoingia, nimekaa na uji mkononi hatua arobaini kutoka kwa mgonjwa. Nilizunguka uani mara ngapi sijui. Nilijiambia nitaweka uji kizingitini nigonge nikimbie. Nikaweka. Nikagonga. Nikakimbia. Nusu saa baadaye kuku walikuwa wanaunywa.

Ndipo nikajua uji peke yake hautamwinua. Mtu huyu hajakosa chakula. Nikaenda barazani nikaitazama ile miche miwili. Wiki saba na siku tano sijaigusa. Kama nikichomoa mmoja na hauna mizizi, nimemwambia kwa mkono wangu kwamba yote yamekwisha. Kama unayo, mizizi michanga haipendi kufunuliwa, unaweza kufa kwa kuonyeshwa. Nikakaa chini nikajiuma kidole. Kisha nikachukua mmoja, wenye majani machache, nikachukua ungo, nikamimina uji mpya kwenye kikombe, nikajifunika khanga kichwa na uso, nikashuka.

Niliingia kinyumenyume. Nyumba ilikuwa na giza na harufu ya koti bichi. Nikasikia kitanda kikilia, akigeukia ukutani. Hata na homa yake, aligeuka ili nisiwe na dhambi.

"Ni nani?" akauliza ukuta.

Sikuwa na ruhusa ya kujibu. Nikapapasa kigoda, nikaweka uji. Nikaweka ungo kando ya kitanda. Nikapindua kopo, nikaligonga chini mara moja. Mchanga ukatoka wote kwa pamoja na kijiti katikati, nami nikaupangusa kwa vidole taratibu, nimepiga magoti, mgongo umemwelekea, naangalia kwa pembe ya jicho tu.

Mizizi. Mitano, sita, myeupe kama nyuzi za kushonea, mirefu kama kidole changu cha mwisho. Mmoja ulikatika nikiona.

Nikausogeza ungo nyuma yangu mpaka ukagusa kitanda. Kisha kitanda kikalia tena. Akageuka. Sikutazama, lakini nilisikia pumzi yake ikiinama juu ya ungo. Alikaa hivyo. Akasema kitu kwa Kinyakyusa, polepole, na hakikuwa cha kwangu. Lilikuwa jina la marehemu mke wake.

Kisha nikasikia mchanga unarudishwa kwenye kopo, ukishindiliwa kwa dole gumba, kopo likizungushwa, likishindiliwa tena. Mikono inayojua kazi yake. Nikatoka. Nikakaa nje chini ya migomba, mvua inaninyeshea, nikisikiliza. Muda ukapita. Halafu kijiko kikagonga kikombe.

11 Machi

Bibi Anyelwisye amerudi, amesikia yote, kwa kuwa Mzee mwenyewe amemwambia. Amekuja na uso wa mahakama. "Umeingia?"

"Nimeingia."

"Umemtasama?"

"Sijamtazama."

Akafikiri sana. "Basi ni ng'ombe aliyeingia," akasema, akaniomba chumvi.

Mzee anakula.

20 Machi

Ule mche niliomwonyesha umekufa. Nilijua nilipoona mzizi ukikatika. Umebaki mmoja. Nimeuhamisha mbali na mlango nisiusogelee.

23 Machi

Agness amekuja kukagua kaburi. Limekwisha, jeupe, linateleza, limekaa kama friji lililolazwa. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga tangu Februari. Nilimkuta amekaa chini pembeni yake, visigino amevua, anasugua kigae kwa kitambaa.

"Siku tulipomzika," akasema bila kunitazama, "usiku ule ikanyesha. Asubuhi nikaja peke yangu nikakuta tuta limetitia. Limezama, wifi, maji yamesimama juu ya mama yangu. Nikayachota kwa kikombe cha chai. Nikaapa hatalala kwenye matope tena." Akasugua. "Miaka miwili sijanunua hata kitenge."

Nikachukua kitambaa cha pili, nikasugua upande wa miguuni. Baada ya muda akauliza, "Baba ananichukia kwa lile ua?" Nikamwambia hapana. Nadhani ni kweli. Nikamwambia pia habari za mche. Akasema hataupinga, ila usiwe karibu na simenti.

1 Aprili

Mche una majani kumi na mawili. Sijafurahi. Umeanza kutafuta kitu cha kushika, kikonyo chake kinazungukazunguka hewani kama kidole cha mtoto. Hilo halidanganyi.

7 Aprili, Pasaka

Watu zaidi ya mia. Mchungaji ameomba, kwaya imepiga. Jotham amekuja jana, amekonda, ana suruali mpya ya mtumba na maneno ya Tunduma. Nimefurahi kumwona mpaka nimeona aibu. Lori la viazi litatupitia keshokutwa saa mbili asubuhi. Ameniuliza kwa nini nanyamaza. Nimemwambia nafikiria mahali pa kuuacha mche. Akacheka: "Uache popote, ni ua tu." Nimemnyima chai.

8 Aprili

Mizigo imefungwa. Nimemwomba Bibi Anyelwisye aupeleke mche chini kwa Mzee kesho tukishaondoka. Akasema, "Mimi? Mikono yangu inaua hata magugu."

Lupepo bado, 9 Aprili

Saa moja na nusu Jotham alikuwa anapandisha mabegi barabarani, mimi ndani namalizia kufunga sufuria. Nikasikia kikohozi. Si kule chini: hapa, uani kwangu. Mzee hajawahi kupanda mpaka nyumba hii tangu nimefika. Nikarudisha mlango, nikakaa nyuma yake.

Nikasikia jembe. Alikuwa anachimba kwenye kona ya nyumba yangu, chini ya nguzo ya baraza. Jotham akashuka mbio. "Tata, acha nikuchimbie, tumechelewa!"

"Wewe beba misigo," Mzee akasema.

Jotham akabeba begi lililobaki akapanda. Jembe likaendelea, kisha likanyamaza. Nikasikia kopo likigongwa. Kisha akaguna, na kwenye upenyo wa mlango nikaona mikono miwili ikitetemeka juu ya shimo, na mche ukilala, ukisimamishwa, ukilala.

Nilingoja aongee na ng'ombe, au na ukuta.

"Tupokigwe," akasema.

Sikujua kama analijua jina langu.

"Njoo ushike. Mimi siwesi peke yangu."

Nilivuta khanga kichwani, nikafungua mlango, nikatoka, nikapiga magoti upande wa pili wa shimo. Sikumtazama wala hakunitazama, sote tulitazama mche. Nikaushika kwa vidole viwili, chini kidogo ya jani la kwanza. Akaanza kurudisha udongo. Gao moja la kiganja. Akausambaza kuzunguka mizizi, akashindilia kwa dole gumba. Gao jingine. Kule barabarani lori likapiga honi. Miguu yangu yote ikataka kusimama, nilihisi mpaka kwenye meno. Gao jingine, taratibu, akachambua jiwe, akalitupa. Honi mara mbili. Jotham akaita, "Tupo! Linaondoka hilo!"

"Usiachie," Mzee akasema. "Bado."

Sikuachia.